Kusimama Bila Kushika Ukuta

Kwa muda mrefu, mchungaji wetu aliposema tufumbe macho tuombe, mimi yangu niliyaacha wazi. Hivyo nikapata kuwaona waumini wenzangu jinsi walivyo wakati huo: anayepiga miayo, anayechungulia simu, mzee mmoja wa kanisa anayejikuna mgongo kwa ufunguo wa gari. Kina mama fulani walinisengenya kwamba ajali imeniondolea imani. Ukweli ni kwamba nikifumba macho nikiwa nimesimama, nilianguka. Sikuhisi kizunguzungu kwanza, wala mwili haukunipa onyo. Nilihisi nimesimama wima kabisa, kisha sakafu ikanipiga shavuni.

Naandika haya kwa sababu nilipotoka hospitali nilitafuta mtu aliyepitia jambo kama hili aniambie litakwisha lini, na sikumpata. Madaktari walinieleza vizuri ni kitu gani kilichoharibika ndani ya masikio yangu. Hakuna aliyenieleza nitanawaje uso. Jaribu wewe kunawa uso bila kufumba macho, kisha uniambie sabuni ina ladha gani.

Jina langu ni Mwende. Nina saluni Dagoretti Corner, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya bomba. Kazi ya msusi ni kazi ya kusimama. Unasimama tangu asubuhi, unainama juu ya sinki, unageuza shingo kutafuta kitana, na kichwa cha mteja unakishika kwa mikono miwili. Mtu asiyeweza kusimama bila kushika kitu hana mkono wa kusukia. Hilo lilinitisha kuliko ule mfupa uliopasuka nyuma ya sikio. Mfupa ungeunga. Lakini nikishindwa kusimama ningekuwa nani?

Ajali yenyewe nitaieleza mara moja tu, tuimalize. Mpwa wangu Mumbua, binti wa marehemu kaka yangu, alipata mchumba hapa hapa Nairobi, kijana wa Kikuyu. Siku ya ntheo ikafika, ile siku ambayo mbuzi wa upande wa mume wanachinjwa kwa kina msichana, na bila hiyo kwetu Ukambani hahesabiwi mke wa mtu hata akizaa watoto watano. Wakwe zetu ni watu wa Dagoretti, ambao mashamba ya babu zao yamegeuka nyumba za kupangisha. Mzee Gathogo, baba mkubwa wa kijana, hakutaka isemwe kwamba alikwenda Kitui kuoa na gari la kukodi. Alikuja na helikopta. Watoto wa shule walishangilia mpaka sauti zikawakauka, na mimi sitajifanya mtakatifu, nilipiga picha nne nikazituma saluni.

Rubani alikuwa amepiga simu mapema akaomba kitu kimoja: uwanja wa shule umwagiwe maji kabla hajatua, na umwagiwe tena kabla hajaondoka, kwa sababu ya vumbi. Wakwe wakakodi lori la maji. Sasa fikiria. Ni mwezi wa tisa, mvua imetukataa misimu miwili, watu wanalala kwenye foleni ya kisima, halafu linakuja lori limejaa maji safi na linataka kuyamwaga chini. Asubuhi nusu yake ilimwagwa, na nilimwona mama mmoja akigeuza uso asione. Ile nusu nyingine ilikuwa ya jioni. Jioni ilipofika lori lilikuwa tupu, na nyuma ya kila jiko palikuwa na mitungi iliyojaa, imefunikwa na magunia. Kila mtu aliona. Hakuna aliyesema.

Mwenyeji wa siku hiyo alikuwa mama yangu. Sisi tunamwita Mwaitu, ndiyo mama kwa Kikamba. Yeye ndiye aliyeniambia nipande na wageni. Alisema mkwe hawezi kuondoka kwetu bila mtu wetu wa kumfikisha, na mimi nilikuwa narudi Nairobi hata hivyo. Nikapanda, nikakaa nyuma. Mzee Gathogo alikaa mbele kando ya rubani, ameshiba, anacheka.

Helikopta ilipokaza mwendo, vumbi jekundu liliinuka. Niliona leso za kina mama waliokuwa wakituimbia, kisha nikaona miguu yao tu, kisha sikuona chochote. Madirisha yote yaligeuka rangi ya tofali. Nakumbuka nikijiambia kwamba tunapanda vizuri. Mwili wangu wote ulihisi tunapanda. Kumbe tulikuwa tunalala ubavu, hatujafika juu hata kimo cha paa la darasa. Tuliangukia upande wa Mzee Gathogo. Alifariki njiani kabla ya kufika hospitali. Rubani alivunjika mguu na nyonga. Mimi waliniokota nikiwa bado nimejifunga mkanda, namuuliza kila mtu mbona amesimama kiubavu.

Nililazwa Kilimani, kwenye hospitali yenye dirisha linalotazama majengo ya ghorofa yasiyokwisha kujengwa. Walininyoa nusu ya kichwa. Msusi mwenye nusu kichwa cha nywele, hata muuguzi alishindwa kujizuia, tukacheka pamoja nikitapika. Sikio la kushoto halikusikia tena. Dunia ilikuwa inarukaruka nikitembea, mabango ya madukani yanapanda na kushuka hata siwezi kuyasoma, na nyuso za watu vilevile. Nikajifunza kutembea miguu ikiwa imeachana kama bata. Na kila nilipotembea, upande wangu wa kulia palikuwa na mkono wa Mwaitu.

Alikuja Nairobi na mfuko mmoja wa nguo na akakataa kurudi. Nyumba yetu iko ndani kidogo kutoka Dagoretti Corner, vyumba viwili, naishi na mume wangu Mutua ambaye ni karani serikalini. Mwaitu alilala sebuleni. Alinipeleka chooni, akanisimamia nikioga, akaniosha uso kwa kitambaa kama nilivyooshwa nikiwa mdogo. Mkono wake ni mgumu na mkavu, nami niliushika siku nzima. Nilifikiri kimya chake ni cha uchovu wa uzee.

Vyumba vya kungojea ndiyo shule ya ugonjwa huu. Utakaa sana. Kliniki niliyotumwa kwa mazoezi ilikuwa Kilimani pia, ndani ya nyumba ya zamani iliyozungukwa na maghorofa, na wagonjwa tulikaa barazani kwenye viti vya plastiki. Kaa karibu na ukuta, usikae chini ya feni inayozunguka, na usimtazame mtoto anayekimbia huku na huku. Beba kitu cha kutafuna. Mtu akikuuliza unaumwa nini, mwambie tu ni masikio, maana ukisema unaanguka ovyo utaletewa majina matatu ya waombeaji na moja la mganga.

Wengine walinifariji kwa ile methali ya maji yakimwagika hayazoleki. Niliwajibu kwamba shida yetu ni yale ambayo hayakumwagika. Walicheka. Mwaitu hakucheka, akainuka kwenda kuchemsha chai.

Mtaalamu wangu wa mazoezi aliitwa Nekesa, binti mdogo mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Alinifanya ninyooshe kidole gumba mbele ya uso, nikikazie macho, huku natikisa kichwa kushoto na kulia. Ukisikia hivyo utaona ni mchezo wa watoto. Mimi nilitapika ndani ya ndoo yake mara ya kwanza na ya pili. Kisha alinisimamisha kwenye pembe ya chumba, juu ya mto laini, akaniambia nifumbe macho. Nikakimbilia ukuta.

"Auntie, achana na ukuta," alisema. "Ukishika ukuta, ni ukuta inafanya mazoezi, si wewe."

Nilimchukia kidogo. Nilikwenda nyumbani nikamwambia Mwaitu kwamba yule msichana hana adabu, na Mwaitu akasema mwalimu mwenye adabu hafundishi.

Mvua za vuli zilianza na stima ikaanza kupotea kama kawaida yetu. Hapo ndipo niliogopa hasa. Mtu mwenye masikio mazima, taa zikizimika, hukaa akilalamika. Mimi nilianguka. Nilianguka jikoni na sufuria ya ndengu, nikaanguka bafuni, nikaanguka mlangoni nikiwa nimemshika Mutua shati, tukaanguka wote. Kwa hiyo sikiliza: vaa tochi shingoni, ile ndogo yenye kamba, na ivae hata mchana. Usione haya. Mimi niliivaa mpaka kanisani.

Tulilala taa ikiwaka. Mutua hawezi kulala kwenye mwanga, na akikosa usingizi ulimi wake huwa mkali. Siku moja tulikuwa na wageni, nikakaa nao vizuri, nikawasindikiza hadi langoni nikiwa nimeshika uzio. Tuliporudi ndani aliniuliza, "Mbona ukiwa na wageni hutetereki?" Nilikwenda chumbani nikalia, na kwa mara ya kwanza nikamchukia mtu niliyeolewa naye kwa mapenzi. Alidhani ninaigiza. Ugonjwa huu hauonekani, ndugu yangu. Hauna kidonda wala bandeji, na nusu ya mateso yake ni kuthibitisha kwamba upo.

Jumamosi iliyofuata nilisikia nyundo bafuni. Mutua alikuwa ameinama, amevaa bukta, anapigilia vyuma vya kushikia ukutani: kimoja kando ya choo, kimoja kando ya bomba, kimoja mlangoni. Hakuniomba msamaha, na mimi sikumtaka aseme. Nilivishika kimoja kimoja kuona kama vimekaza.

Mvua zikapita. Januari ilikuwa na jua kali, na ni katika jua hilo nilipomwona rubani.

Nilikuwa barazani kwenye kliniki, nangojea zamu. Mwaitu alikuwa amekwenda ng'ambo ya barabara kutafuta maziwa. Kijana mmoja mrefu akaingia kwa magongo mawili, akaniangalia, akabaki amesimama. Mimi macho yangu bado yalikuwa yanarukaruka, sikumtambua mpaka alipozungumza. Alikuwa Kapteni Baraka. Alinisalimu kwa heshima, akaniuliza kama anaweza kukaa.

Nilikuwa nimesikia mengi juu yake. Kwa wakwe zetu ilikuwa imeshaamuliwa kwamba rubani alikuwa mlevi, kwamba alikunywa bia na vijana nyuma ya darasa, kwamba ndiye aliyemuua Mzee Gathogo. Mumbua naye alikuwa ameambiwa arusi ingoje, kwa kuwa nyumba ina msiba wenye mkosaji. Mimi nilikuwa nimekaa meza moja na Baraka siku ile. Alikunywa soda na akala nyama kidogo. Nilimwambia najua hakulewa. Akawa anakunjua na kukunja karatasi ya miadi yake.

"Nilikuwa na uhakika tumesimama wima," alisema. "Hiyo ndiyo kitu inanisumbua, mama. Kila mtu ananiuliza, hukuona? Sikuona kitu, ni vumbi tu. Lakini nilihisi. Mwili uliniambia tuko sawa, na tulikuwa tunalala."

"Mimi nakuelewa," nilimwambia. "Wiki jana taa zilizimika nikiwa jikoni. Nilikuwa na uhakika nimesimama, hadi kichwa kilipogonga jiko."

Alinitazama. Nadhani hakuna mtu aliyekuwa amemwambia hivyo, si wakili, si mkewe, wala mwajiri wake. Machozi yalimtoka, akayaacha. Mimi nilimshika begani kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kiti. Tulikuwa watu wawili tuliodanganywa na miili yetu wenyewe, na nakwambia, siku hiyo nilipona zaidi kuliko kwenye mazoezi yote ya Nekesa.

Kisha akasema lile jambo. Alisema kabla ya kuondoka jioni ile aliuliza kama uwanja umemwagiwa maji. Alimuuliza mwenyeji, mbele ya wageni wote, akajibiwa ndiyo, umemwagiwa, aende kwa amani. Aliyeuliza mimi sikumsikia, wala aliyejibu, nilikuwa nimeshapanda, na kina mama wanaimba kwa sauti. Nikamuuliza ni mwenyeji gani.

Mwaitu aliingia langoni wakati huo na pakiti mbili za maziwa. Baraka alimwona. Aliinuka kwa magongo yake, kwa taabu, akamsalimu akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anavyomsalimu mama wa nyumba alimokula. Mwaitu alimpa mkono. Wakatazamana. Kisha Baraka akaitwa ndani. Sikuhitaji kujibiwa tena.

Nitakueleza nilivyokuwa baada ya hapo, hata kama hainipendezi. Nilikuwa na hasira isiyo na mlango wa kutokea. Angekuwa mtu mwingine ningemwendea. Huyu alikuwa ananiosha uso. Nilianza kukataa mkono wake. Nilitembea nikishika kuta, magari yaliyoegeshwa, nguzo za stima, mtu yeyote, ila si yeye. Alitembea nyuma yangu hatua chache, na nikiyumba nilisikia viatu vyake vikikimbia. Mutua aliniuliza tuna nini, nikamwambia hatuna kitu.

Niliitwa mjini, kwenye ofisi ya wachunguzi wa ajali za ndege, ghorofa za juu katika jengo moja katikati ya jiji. Kuvuka barabara ile yenye watu wanaokuja kutoka kila upande kulinichosha hata nikakaa kwenye ngazi za benki, mlinzi akaja kunifukuza, akaona kichwa changu, akaniletea kiti chake. Mungu ambariki. Juu niliulizwa mengi kwa upole. Niliulizwa kama uwanja ulimwagiwa maji jioni. Nikasema hapana. Nikaulizwa nani alimwambia rubani kwamba ulimwagiwa. Nikasema sikusikia, na hiyo ni kweli. Nilipotoka Mwaitu alikuwa kwenye benchi ya ukumbini, mikono imepangwa mapajani. Hakuniuliza nimesema nini. Alininyooshea mkono, nikashika ukuta.

Masika ilikuja kwa nguvu na nikarudi kazini. Nilianza kwa kukaa. Mama mmoja wa Kitisuru, mteja wangu wa miaka, ambaye zamani nilikuwa nakwenda kumsuka kwake, aliacha kuniita. Baadaye nilisikia amepata msichana mwingine, asiyeshika shika meza. Iliniuma. Mteja mwingine, muuza mboga pale chini kwenye steji ya matatu, alikuja bila miadi akakaa sakafuni kati ya magoti yangu ili nisuke nikiwa kwenye kochi. Alisema kichwa chake kimechoka na viti virefu. Kila baada ya wiki mbili alikuja, na sakafu ile ni baridi.

Kwa Nekesa nilipanda kutoka mto laini hadi mto laini zaidi. Nilijifunza kwamba miguu nayo ina macho yake, ukiipa nafasi. Kwanza kufumba macho kwa pumzi moja, kisha kwa pumzi mbili, kisha kwa ubeti mzima wa wimbo wa kanisani, naye akinihesabia kwa kidole mezani. Kama uko mwanzoni na unaniuliza inachukua muda gani, jibu ni refu kuliko unavyotaka. Utaona haiendi mbele. Siku moja utanawa uso, utajipangusa, ndipo ukumbuke.

Lakini kusimama katikati ya mahali pasipo na kitu cha kushika, hapo nilikuwa bado. Nekesa alinitoa nje kwenye kokoto za maegesho na kuniambia nisimame. Nilisimama nikitetemeka, nikarudi kwenye gari la mtu. Alisema tatizo lililobaki si la masikio. Nilimuuliza ni la nini basi. Akasema, "Hiyo utajijua mwenyewe, auntie."

Baridi ya Julai ilipoingia, Mwaitu alisema anataka kurudi Kitui. Siku mbili kabla ya safari alikuja saluni, jioni, wasichana wangu wakiwa wameshaenda. Alikuwa hajawahi kukaa kwenye kiti changu maisha yake yote. Siku hiyo alikaa, akafungua kitambaa, akaniambia nimwoshe na kumsuka vizuri, mistari minne, ya kwenda nyuma.

Nilimlaza kichwa kwenye sinki. Nywele zake ni nyeupe na chache, ngozi inaonekana. Niliinama, nikafungua bomba, nikajaribu joto kwa mkono. Alifumba macho. Alianza kusema akiwa amefumba hivyo.

Alisema ni yeye aliyeamuru maji yachotwe. Alisema hilo halimsumbui, na kama angerudishwa siku ile angeyachota tena, kwa sababu kulikuwa na watoto waliokunywa kutoka mitungi ile kwa wiki nzima, na yeye anawajua kwa majina. Nilikuwa namsugua kichwa, mikono yote miwili imejaa povu.

"Ni lile jibu," alisema. "Yule kijana aliniuliza kama maji yapo. Mgeni, mbele ya wakwe, ameniuliza maji, Mwende. Ningemwambiaje sina? Tangu niolewe hakuna mgeni aliyeniuliza maji nikamwambia sina. Mdomo ulijibu kabla yangu."

"Ungemwambia tu ukweli, Mwaitu."

"Ningemwambia, angengoja. Angelala hata. Tungemtandikia." Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni, na akayaacha. "Na juu ya jibu hilo nikakupandisha wewe. Mwiitu wakwa, binti yangu, nilikupandisha mwenyewe."

Nilitaka kumwambia yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Nilikuwa bado nina hasira na bado nampenda, vyote kwa wakati mmoja, na nikamwambia hivyo hivyo. Alitikisa kichwa ndani ya sinki kukubali. Kisha akasema kesho yake anataka kwenda kwa mke wa Mzee Gathogo, na hataki kwenda akiwa ovyo ovyo. Akaniuliza kama nitakwenda naye. Nilimsuuza povu, nikamfunga taulo, nikamsuka mistari minne ya kwenda nyuma.

Kwa kina Gathogo ni mwendo mfupi kutoka kwetu, ndani ya boma lenye nyumba za kupangisha pande tatu na nyumba ya familia katikati. Uwanja wake umemwagiwa kokoto. Tulibisha, tukasimama katikati ya kokoto hizo, mbali na ukuta wowote. Mjane alifungua mwenyewe, amevaa sweta nyeusi, akasema kama anavyosema mtu yeyote aliyelelewa vizuri, "Karibuni ndani."

Mwaitu hakusogea. "Ngoja kwanza nikuambie kitu," alisema, "ndipo uamue kama nitaingia."

Alisema yote pale nje, tangu lori lilipofika mpaka jibu lake kwa rubani. Alisema kijana hakulewa. Katikati ya maneno aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaniegemea kwa uzito wake wote. Mimi sikuwa na cha kushika. Nilitazama mbele, nikaachanisha miguu kwenye zile kokoto, nikambeba mpaka alipomaliza kusema.

Mjane alisikiliza akiwa ameshika mlango. Mama yangu alipomaliza, alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi. Halafu akasogea kando, akatuachia njia.